Senene Wakitua: Kusuka, Kupika na Kufunga Zawadi za Vuli Bukoba na Muleba

Senene hawapigi hodi. Mvua za vuli zikishakolea, Oktoba inapoishia na hasa Novemba, unaweza kulala huna hata mmoja ukaamka alfajiri majirani wamejaza ndoo. Kila mtoto wa Bukoba na Muleba analijua hilo. Linalosahaulika ni kwamba kazi kubwa ya senene haiko kwenye kuwapata wala kuwakaanga. Iko siku ya pili, ndoo ingali nusu, jua halijulikani litatoka saa ngapi, na kaka yako aliyeko Dar es Salaam anauliza kwa simu kama mmemkumbuka.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza mapema, Oktoba, kabla hujamwona senene hata mmoja, na unaanza na kazi ya mikono. Tutasuka na kukunja kwanza, ndipo tuwashe moto.

Oktoba: ingia kibanjani

Vitu viwili vinatosha: magome makavu ya migomba kutoka kibanjani, yaani shamba la migomba la nyumbani, na nyasi ndefu kutoka rweya, yaani uwanda wa nyasi. Mfuko wa plastiki haufai hata ungekuwepo. Senene aliyefungwa humo hutoa jasho, huloa, na kuvunda. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na wengi walihangaikia njia mbadala wakati bibi zetu walikuwa nayo mlangoni miaka yote.

Magome ni yale maganda ya nje ya shina yaliyokwisha kukauka yenyewe na kuning'inia. Yavute asubuhi na mapema, umande ungali umeyalainisha. Saa sita mchana yanapasukia mkononi. Usibandue ganda bichi, maana mgomba unalihitaji. Chagua mapana yasiyo na matundu. Yanyunyizie maji, yaviringishe ndani ya gunia, yalale hivyo usiku kucha. Kesho yake yatakuwa laini ya kukunjika bila kuvunjika. Yapige pasi kwa kuyavutia kwenye ukingo wa benchi, kisha yachane: mapana ya kiganja kwa vifungashio, ya upana wa kidole kwa kufungia, na nyuzi nyembamba kwa kushonea.

Hapa naomba unisikilize vizuri, maana jambo hili ni kubwa kuliko ufundi wote utakaofuata. Mnyauko bakteria wa migomba umekwisha kuwatia hasara wakulima wengi wa Kagera, Muleba ikiwemo, na kisu ni moja ya njia zake kuu za kusafiri. Unakata jani kwenye mgomba ulioambukizwa, unahamia mwingine na kisu kile kile, umeupanda ugonjwa kwa mkono wako. Kwa hiyo kabla ya kutoka mgomba mmoja kwenda mwingine, pitisha kisu kwenye moto mpaka chuma kiwe cha moto kabisa, au kiloweke kwenye maji yenye dawa ya kung'arishia nguo. Ukiona majani yanageuka manjano na kunyauka bila sababu, ndizi zinaiva kabla ya wakati, au ukikata shina linatoa uteute wa rangi ya manjano, usichukue chochote hapo. Mjulishe bwana shamba. Na usiombe majani kwa jirani ukaenda kuyakata na kisu cha kwako. Mwache akukatie kwa chake.

Sinia ya nyasi

Hiki ndicho chombo nitakachokikazania, kwa sababu ndicho kitakachookoa senene wako. Ungo wa kawaida unafaa, lakini sinia ya nyasi iliyosukwa kwa kulegeza kidogo hupitisha hewa pande zote, na kwenye Novemba ya Bukoba, ambapo jua huja kwa kuiba, hewa ina thamani kuliko jua.

Kata nyasi ndefu za rweya zilizokomaa lakini hazijawa za kuvunjika. Ondoa majani, bakiza mabua. Yaanike kivulini siku mbili au tatu. Juani hugeuka makavu kupita kiasi. Siku ya kusuka yanyunyizie maji. Andaa nyuzi za magome zilizolowa, au ukindu kama unao, na sindano ya magunia.

Shika fungu la nyasi lenye unene wa penseli. Lizungushie uzi kwa kubana kuanzia nchani, urefu wa vidole vitatu hivi, kisha likunje liwe kama konokono mdogo na ulishone lijishike. Hapo katikati ndipo wengi hukata tamaa, maana nyasi zinakataa kupinda. Ziloweshe zaidi, tumia mabua membamba zaidi kwa mizunguko miwili ya kwanza, na ongeza unene baadaye. Kutoka hapo kazi ni moja tu: zungusha fungu, peleka uzi juu yake, toboa mzunguko uliotangulia, vuta, songa mbele. Kila fungu linapoanza kuwa jembamba, chomeka mabua mapya ndani yake kabla ya kwisha. Unene ukibadilika-badilika, sinia itajikunja pembeni na haitakaa chini sawasawa.

Kikapu cha kuwekea vitu hushonwa kwa mishono iliyobanana. Sinia yetu ipe nafasi ya nusu kidole kati ya mshono na mshono. Ikifikia upana wa sentimita 40 hivi, panda juu mizunguko miwili ili pawe na ukingo, funga uzi kwa kurudisha sindano ndani ya mzunguko, kata. Kwa mtu anayeanza, hii ni kazi ya jioni kadhaa mkiwa mnazungumza. Ukimfahamu shangazi au bibi anayesuka, kaa karibu naye angalau kwa ule mwanzo wa katikati. Macho yatajifunza yale ambayo karatasi haiwezi kueleza.

Vipande vitakavyobaki wape watoto. Majani makavu ya mgomba yaliyofinyangwa na kuzungushiwa kamba za magome pande zote ni mpira mzuri unaodunda kiasi chake, na majani hayo hayo yakisokotwa kuwa duara ni kata ya kutulia ndoo ya maji kichwani.

Novemba: usiku wa senene

Senene huruka usiku na hufuata mwanga. Ndiyo maana mjini Bukoba na kwenye vilima utaona taa kali zimewashwa na mabati yameegeshwa juu ya mapipa: senene hugonga bati, huteleza, na kuangukia ndani. Usiku wa giza lisilo na mwezi taa huonekana mbali zaidi. Njia ya zamani ingali nzuri kwa mwenye subira, nayo ni kwenda alfajiri kwenye nyasi, wakati baridi imewazubaisha, na kuwaokota kwa mkono.

Ukikesha kwenye taa, usizitazame moja kwa moja. Mwanga ule unaumiza macho. Vaa mikono mirefu. Msimu wa mvua taa hizo hizo huvuta mdudu mwembamba mwenye mistari ya rangi ya chungwa na nyeusi, ambaye ukimponda kwenye ngozi huacha kidonda kama cha kuungua. Akitua juu yako, mpulize aondoke, usimpige. Ukishampiga, osha mahali hapo kwa sabuni haraka na usijifute machoni.

Unaponunua, nunua walio hai. Senene hai wanarukaruka ndani ya ndoo na wana harufu ya majani mabichi. Waliokufa tangu jana wamelala chini wameloa, na harufu yao itakuambia. Uliza walikookotwa. Walioruka juu ya shamba lililopigwa dawa ya wadudu usiwalete nyumbani kwako. Rangi isikusumbue: wako wa kijani, wako wa kahawia, na mara chache hutokea wa zambarau, na wote ni senene wale wale.

Wazee watakuambia kwamba kwa mila za Buhaya, nchi ya Wahaya, wanawake waliwaokota na kuwaandaa senene lakini hawakuwala. Walikuwa chakula cha mwanamume, na mke aliyempelekea mumewe senene wa kwanza wa msimu alikuwa amempa heshima. Leo nyumba nyingi wanakula wote, nami nafurahi kuona hivyo. Zaidi ya theluthi moja ya uzito wa senene mkavu ni protini na karibu nusu ni mafuta. Mama anayenyonyesha na mtoto anayekua ndio wa kwanza kustahili sahani hiyo. Ila mtu ambaye mwili wake unakataa kamba wa baharini awe mwangalifu, kwa kuwa senene wanaweza kumletea vipele na kubanwa pumzi vile vile.

Kuchambua

Kaeni wengi. Kazi hii ikifanywa na mtu mmoja humchosha mpaka asitamani kuwala. Ng'oa mabawa, miguu mikubwa ya nyuma na vile vipapasio vya kichwani. Paka majivu safi kidogo vidoleni ili senene asiteleze. Mate yake ya kahawia hutia doa, basi vaa nguo za kazi. Tumbo usilibinye, kwa kuwa mafuta yamo humo na ndiyo tutakayokaangia.

Osha kwa maji baridi, haraka, mara tatu au nne mpaka majivu na vumbi viishe. Chuja kwenye sinia yako mpya dakika chache. Wapike siku hiyo hiyo. Senene waliochambuliwa wakilala usiku bila moto wanaharibika.

Kikaangoni

Kwa lita moja ya senene waliochambuliwa chukua kitunguu kimoja kikubwa, chumvi nusu kijiko cha chai, na basi. Mafuta usiongeze. Weka senene kwenye sufuria pana juu ya moto wa wastani, bila kifuniko. Watatoa maji kwanza; acha yakauke huku ukigeuza kwa mwiko. Maji yakiisha utasikia sauti inabadilika, kutoka kuchemka hadi kukaangika, na utaona chini ya sufuria pameanza kung'aa. Hayo ni mafuta yao wenyewe. Punguza moto hapo. Ukiharakisha, nje wataungua na ndani watabaki laini.

Endelea kugeuza mpaka wawe rangi ya dhahabu iliyokolea, kama dakika 20 hadi 30 kwa jumla kulingana na moto wako. Tia kitunguu kilichokatwa vyembamba wakati wanakaribia, kwa sababu kikitangulia kitaungua. Chumvi iwe ya mwisho. Pilipili ni ya hiari. Mimi naona inafunika utamu wa asili, na utamu wa asili wa senene ndio uliotukalisha tunachambua. Walio tayari hulia kwa ukavu mkononi ukiwatikisa na huvunjika kwa meno bila kuvutika.

Ekitoke cha jioni ya mvua

Senene peke yao ni kitafunio. Chakula chao ni ekitoke, ndizi za kupika zilizochanganywa na maharage, na hapa kila nyumba ina msimamo wake. Wangu ni huu. Maharage makavu vikombe viwili yaloweke tangu jana yake, yachemshe mpaka yaive kabisa, na maji yake usimwage. Ukipata njugumawe zinazolimwa rweya, changanya nusu kwa nusu. Zinaongeza uzito ambao maharage peke yake hayana.

Menya ndizi 12 hadi 15 mbichi zilizokomaa, aina ya enshakala au enchoncho kama ipo. Paka mafuta mikononi kwanza ili utomvu usigande, na kila ndizi iingie kwenye maji mara inapomenywa isiwe nyeusi. Zipange juu ya maharage, tia kitunguu, nyanya chungu tatu au nne zilizopasuliwa, chumvi, na maji yafikie nusu ya ndizi. Chukua jani bichi la mgomba, lipitishe juu ya moto mpaka lilegee na kubadilika rangi kuwa kijani kilichokolea, lifunike juu ya chakula na kulichomekea pembeni, kisha weka kifuniko cha sufuria. Jani linashika mvuke na kuacha harufu ambayo hakuna kiungo cha dukani kinachoileta. Moto uwe mdogo, dakika 40 hivi. Kijiko cha samli mwishoni. Senene hunyunyiziwa mezani, kila mtu kwenye sahani yake, wasipoteze ukavu wao ndani ya mchuzi.

Siku ya pili: kukausha

Hapa ndipo ile sinia inapolipa. Wachambue senene waliobaki kwenye ndoo, kisha wachemshe mara moja kwenye maji yenye chumvi, dakika 10 hivi, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita moja ya maji. Chuja vizuri. Watandaze kwenye sinia mstari mmoja, wasilaliane. Jua likiwepo, waanike mahali pa juu mbali na kuku na vumbi, wageuze kila saa, na wingu likionekana upande wa ziwa usisubiri tone la kwanza.

Jua lisipokuwepo, na Novemba mara nyingi halipo, weka sinia juu ya uchaga wa jikoni ambako joto na moshi wa kuni hupita polepole. Usiziweke kuni mbichi, moshi wake ni mchungu. Moto wa makaa yanayofifia unatosha. Siku mbili au tatu kwa namna hii huleta senene wa moshi, na kwa wengi huo ndio utamu wa Bukoba hasa.

Kisha wapitishe kwenye sufuria kavu kwa moto mdogo sana mpaka wavunjike kwa kidole kama kijiti. Hatua hii usiiruke. Unyevu kidogo tu uliobaki ndani huleta ukungu, na senene mwenye ukungu hatupwi ukungu akaliwa, hutupwa mwenyewe.

Adui wa pili ni mafuta yale yale tuliyoyasifu. Yakikaa kwenye joto na mwanga huharibika na kutoa harufu nzito inayokwaruza koo. Acha senene wapoe kabisa kabla ya kufunga, wahifadhi gizani mahali pa baridi, ndani ya chombo kilichojaa mpaka juu ili hewa iwe kidogo, na uwale ndani ya miezi miwili. Chombo kidogo kidogo ni bora kuliko kimoja kikubwa kinachofunguliwa kila siku.

Kufunga mzigo

Sasa magome. Chukua mapande mawili mapana yaliyolainishwa na kufutwa yawe makavu kwa kugusa, uyalaze kwa msalaba. Katikati weka karatasi safi ya kuokea au jani la mgomba lililokaushwa, halafu senene vikombe viwili. Kunja pande mbili za kwanza zikutane juu, kisha zile mbili nyingine zipande juu yake, na utapata mfuko wa mraba. Funga kwa kamba ya gome mara mbili kwa msalaba, na fundo liwe la kufunguka. Gome likikauka hujibana lenyewe na kuwa gumu kama boksi. Kwa safari ya basi kwenda Dar es Salaam, njia ya zaidi ya kilomita 1,300, au kwa meli ya kwenda Mwanza, panga vifurushi hivi ndani ya kikapu na visiwekwe karibu na injini.

Ongeza kifurushi kidogo cha kahawa ya kutafuna, kwa sababu mzigo wa Buhaya bila kahawa huonekana haujakamilika. Huku kahawa ilitafunwa zamani sana kabla Emin Pasha hajafungua kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890, na upandaji wake ulikuwa chini ya mamlaka ya wafalme, Abakama. Mgeni alikaribishwa kwa punje zake kabla ya maneno mengi. Kama kwenye mavuno ya katikati ya mwaka uliweka akiba ya buni zilizochumwa zimekomaa lakini bado za kijani, zikachemshwa na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa na kupata moshi, basi zitoe sasa. Kama hukuweka, sokoni Bukoba zipo, zimefungwa tayari ndani ya vifurushi vidogo vya gome, na hakuna aibu kuzinunua. Punje 20 au 30 kwa kifurushi zinatosha. Usiziweke pamoja na senene ndani ya gome moja, maana kila kimoja kitaiba harufu ya mwenzake.

Juu ya mzigo andika tarehe uliyokausha na jina la mahali, Kamachumu, Nshamba, Kashozi, Katerero, popote ulipo. Aliyeko mbali husoma jina hilo kabla ya kufungua fundo. Na ndani weka karatasi yenye maelekezo kwa anayepokea: awahamishie kwenye chupa kavu yenye kifuniko siku hiyo hiyo, asiwatie friji wakiwa wazi, na kila anapotaka kula achukue anachohitaji tu, akipashe kwenye kikaango kikavu dakika tatu, na chumvi aionje kwanza kabla hajaiongeza.